Neno "Baridi": Historia ya Swali Ambalo Wanawake Hawakuulizwa

Sokoni Busia neno "baridi" linauza. Mwenye soda hulitangaza, mwenye maji hulitangaza, na abiria aliyeshuka kwenye basi la Kampala au la Kisumu huligeukia kabla hajamwona anayelitamka. Lakini neno hilohilo likifuatia neno "mwanamke", linavunja nyumba. Lilivunja ya dada yangu.

Kwetu ni Dabani, upande wa Uganda, si mbali na mji wa Busia. Sisi ni Wasamia, na ndugu zetu wengi wako ng'ambo, Kenya, kwa sababu mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauweka chini ya himaya yao jirani, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari ukapita katikati ya watu. Dada yangu aliolewa ng'ambo hiyo. Katika mwaka wa tatu wa ndoa alirudi nyumbani, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Mume wake alikuwa amewaambia jamaa zake kwamba amepewa mwanamke baridi.

Wazee walikaa kikao. Mume aliulizwa. Baba aliulizwa habari za ng'ombe. Mshenga aliulizwa kama alificha jambo lolote wakati wa posa. Dada alikaa kwenye mkeka kando ya mama, na kwa saa zote zile hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Jioni alinionyesha unga wa mizizi aliouziwa mpakani na mchuuzi wa miti shamba, wa kunywa na uji, ili "apate joto". Alikuwa ameunywa kwa miezi minne.

Muda mfupi baadaye, mhadhiri wetu wa historia alitutaka tuchague neno moja la Kiswahili na tulifuatie nyuma hadi tuone limepita wapi. Wenzangu walichagua "bandari", "kodi", "shamba". Mimi nilichagua "baridi". Katika insha hii nitaeleza jinsi watu walivyolielewa tatizo la mwanamke asiyefika kileleni, jinsi walivyojaribu kulitibu, na kwa nini sehemu moja ya historia hiyo, ambayo mtu angedhani ni ya Ulaya tu, ilipita karibu kabisa na kwetu. Dada ameniruhusu kuyaandika yanayomhusu, kwa sharti nisitaje jina lake.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Mshindo ni kilele cha raha ya mwili katika tendo la ndoa, pale misuli ya nyonga inapojikaza na kujiachia kwa mapigo, kisha mwili wote ukatulia. Leo madaktari husema mwanamke ana tatizo la mshindo ikiwa haupati, au unachelewa mno, au umefifia sana, karibu kila mara, kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na yeye mwenyewe anasumbuka kwa hali hiyo. Sharti hilo la mwisho ni muhimu. Mwanamke asiyesumbuka si mgonjwa. Vilevile madaktari hutenganisha asiyewahi kufika hata mara moja na yule aliyekuwa akifika kisha akaacha, kwa maana sababu zao mara nyingi hutofautiana.

Tofauti hizi zote ni mpya. Kwa muda mrefu Ulaya walikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa lilelile la sokoni kwetu. Walichukua neno la Kilatini frigidus, yaani baridi, wakalifanya jina la ugonjwa. Sijui kama lilivuka bahari likaingia katika Kiswahili au kama watu wa pande mbili walifikia mfano mmoja kila mmoja kwa njia yake. Ninachojua ni kazi lililoifanya. Linaifanya hali kuwa tabia ya mwanamke. Jiwe ni baridi, hakuna anayeuliza kwa nini.

Tena Ulaya yenyewe haikuwa na msimamo mmoja juu ya raha ya mwanamke. Katika miaka ya 1860, daktari mmoja wa upasuaji wa London, Isaac Baker Brown, alikuwa akiwakata wanawake kinembe akidai kwamba anatibu kifafa na maradhi ya akili. Mwaka 1867 wenzake walimfukuza katika chama cha madaktari wa uzazi wa London. Naitaja habari hii kwa sababu miongo sita baadaye wamisionari wa Kiingereza na wa Kiskoti walipolaani kisu kwa majirani zetu, walizungumza kana kwamba kisu hicho hakijawahi kuonekana kwao.

Mwaka 1905, huko Vienna, Sigmund Freud aliandika kwamba msichana huanza kusikia raha katika kinembe, lakini akikomaa raha hiyo haina budi kuhamia ndani ya uke. Asiyehama hajakomaa. Kwa sentensi chache, wanawake wengi duniani walifanywa wagonjwa, maana wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, uliowauliza wanawake 1,055, ulikuta kwamba takriban asilimia 18 tu ndio waliosema kuingiliwa pekee kunawatosha. Lakini mwaka 1905 hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mmoja wa wanawake walioamini kwamba wao ni wagonjwa alikuwa Marie Bonaparte, mzao wa Lucien, ndugu yake Napoleon, na mke wa mwana wa mfalme wa Ugiriki. Alikuwa na fedha, alikuwa na elimu, na hakuwa akifika kileleni na mwanamume. Hakukaa kimya. Mwaka 1924, kwa jina la bandia A. E. Narjani, alichapisha katika jarida la udaktari la Brussels makala iliyotokana na vipimo vya wanawake 243. Alipima umbali kati ya kinembe na mlango wa uke, akasema kwamba ukizidi takriban sentimita 2.5, mwanamke atapata taabu kufika kileleni kwa kuingiliwa. Kisha akafikiri hivi: ikiwa tatizo ni umbali, basi daktari aupunguze. Mwaka 1927 alimlalia daktari Josef Halban wa Vienna ili kinembe chake kisogezwe. Haikusaidia. Alipasuliwa tena, jumla mara tatu hadi mwaka 1931, na hakupona.

Hapa ndipo njia ya historia inapokata kona na kuja kwetu. Ukipanda Jiwe la Tororo asubuhi ya anga safi, unauona mlima Elgon upande wa kaskazini-mashariki. Katika miaka ya 1920, mtu mmoja aitwaye Felix Bryk alifika katika mlima huo. Alikuwa mtaalamu wa vipepeo. Lakini pamoja na vipepeo alikusanya pia habari za ndoa na tohara za watu wa pale, hasa wale aliowaita Wanandi, na mwaka 1928 akachapisha kitabu huko Berlin kuhusu mapenzi ya Waafrika. Kitabu kimejaa dharau ya zama zake. Ndani yake Bryk alitoa dhana kwamba wanaume wa Elgon huwakata wanawake kinembe ili kuwafanya wanawake kamili, yaani raha ihame kutoka nje iende ndani.

Soma tena dhana hiyo. Ni maneno ya Freud, yamewekwa kinywani mwa wazee wa Elgon. Na Freud mwenyewe ndiye aliyempa Marie Bonaparte habari za kitabu cha Bryk. Bibi yule aliyekuwa tayari amekwisha kukatwa na Halban alivutiwa mno. Alikwenda hata Misri kuwachunguza wanawake waliotahiriwa, na miaka mingi baadaye aliandika juu ya tohara ya wanawake wa Afrika na uhusiano wake na hiyo hali iliyoitwa ubaridi. Mwanawe Peter alisoma London kwa Bronislaw Malinowski, katika semina ileile aliyohudhuria Jomo Kenyatta. Kwa hiyo binti wa Ufaransa, daktari wa Vienna, na wasichana wa mlima tunaouona kutoka Tororo waliunganishwa na swali moja, na wasichana hao hawakujua kwamba swali lipo.

Wakati huohuo, upande wa Kenya, kisu kilikuwa kimezua vita vya maneno. Mwaka 1929 Misheni ya Kanisa la Scotland iliwataka waumini wake Wakikuyu waikane tohara ya wanawake. Maelfu walitoka makanisani, shule za kujitegemea zikaanzishwa. Kenyatta aliitetea tohara katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Jambo la kushangaza ni kwamba katika kitabu hicho anaeleza pia ngweko, desturi ya vijana kulala pamoja na kupapasana bila kuingiliana, kwa kanuni kali. Yaani jamii ilikuwa na elimu ya kugusana. Lakini katika kitabu hichohicho anaeleza kwamba msichana, tofauti na mvulana, alikatazwa kujigusa, na kwamba kukatwa ncha ya kinembe kulihusiana na katazo hilo. Wamisionari walizungumza juu ya roho na uzazi, wazee juu ya ukoo na ardhi. Nimesoma mengi kuhusu mgogoro ule na sijaona mahali ambapo upande wowote ulimuuliza mwanamke yeye anasikiaje.

Kwetu Wasamia kisu hicho hakipo, na baadhi yetu hujivuna kwa sababu hiyo. Tunawatazama Wasabiny wa Kapchorwa, kule juu mlimani, kama watu wa nyuma. Lakini tuwe wakweli. Wasabiny wenyewe walianza kuijadili desturi yao hadharani, na mpango ulioanza mwaka 1996, ulioshirikisha wazee wao, ulichangia chama cha wazee hao kupata Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu mwaka 1998. Sheria ya Uganda ilikuja baadaye, mwaka 2010, na ya Kenya mwaka 2011. Sisi tusio na kisu hatujawahi kukaa kikao chochote juu ya raha ya mwanamke. Sisi tulikata mazungumzo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano dada alipoolewa. Usiku wa kuamkia safari, senge wetu, yaani shangazi, aliingia chumbani kumfunda, nami nikajifanya nimelala. Nilingoja nisikie siri. Senge alisema mambo matatu: usimnyime, usimwaibishe mbele ya mama yake, na mengine utavumilia. Basi. Akazima taa.

Haikuwa hivyo kila mahali. Ukienda magharibi ya Uganda, Ankole na Kigezi, na kuvuka hadi Rwanda, utakuta ujuzi ambao Marie Bonaparte angeulipia dhahabu. Uganda huitwa kachabali, Rwanda huitwa kunyaza. Mwanamume hatumii nguvu wala kina. Huushika uume mkononi na kuugongesha au kuusugua taratibu juu ya kinembe na mashavu ya uke, kwa mdundo, kwa muda, huku akifuata mwili wa mwanamke unavyojibu. Wanyarwanda husimulia kwamba ujuzi huo ulitokana na malkia aliyeachwa nyumbani mfalme alipokwenda vitani, akamwita mlinzi wake, na mlinzi akatetemeka kwa hofu hata asiweze kuingia. Hadithi ni hadithi. Lakini daktari Mnyarwanda Nsekuye Bizimana, anayeishi Ujerumani, aliuchukua ujuzi huu kwa uzito, na mwaka 2010 akachapisha makala katika jarida la elimu ya jinsia akiueleza kama njia ya kuwasaidia wanawake wasiofika kileleni.

Tuulinganishe sasa na kisu cha Vienna. Kipimo cha Bonaparte hakikuwa upuuzi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Kim Wallen na Elisabeth Lloyd, walizichambua upya takwimu zake na kuona kwamba umbali ule kweli una uhusiano na urahisi wa kufika kileleni kwa kuingiliwa. Bibi alipima sawa. Alichokosea ni tiba. Aliona kwamba kinembe kiko mbali na mahali mwanamume anapoingia, akataka kinembe kisogee. Watu wa maziwa makuu waliona jambo lilelile, wakamwambia mwanamume asogee yeye.

Buganda nako kuna ssenga, shangazi ambaye kazi yake ni kumfundisha binti mambo ya chumbani, pamoja na desturi ya kuvuta mashavu ya uke ambayo Waganda huiita kwa lugha ya heshima kwenda msituni. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuweka uvutaji huo katika kundi moja na ukeketaji. Sylvia Tamale, profesa wa sheria wa Makerere, alipinga. Katika utafiti wake juu ya ssenga aliochapisha mwaka 2005, alieleza kwamba wanawake wengi aliozungumza nao waliusimulia kama chanzo cha raha yao, si kama jeraha. Pwani nako wapo makungwi na masomo wa unyago, na jina la Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, linajulikana hata kwetu bara.

Hata hivyo sipendi kuipamba picha hii kupita kiasi. Mafundisho mengi ya ssenga na kungwi yanamlenga mume: jinsi ya kumkatikia, jinsi ya kumtuliza asitoke nje. Na mahali ambapo kunyaza ni sifa, mwanamke asiyetoa "maji" naye anaweza kuchekwa na kuitwa mkavu. Jina limebadilika tu. Baridi au mkavu, lawama ni yake. Ujuzi wa mikono ni mali kubwa, lakini bila swali unaweza kuwa mtihani mwingine wa mwanamke kufaulu au kufeli.

Swali lenyewe lilianza kuulizwa kwa upana katika karne ya 20. Mwaka 1953 Alfred Kinsey na wenzake walichapisha huko Marekani kitabu kilichotokana na mahojiano na wanawake 5,940. Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson walitoa matokeo ya kuutazama mwili wenyewe maabara, wanawake 382 na wanaume 312, wakaonyesha kwamba mishindo miwili ya Freud, ya mtoto na ya mtu mzima, haipo: mapigo ya mwili ni yaleyale. Mwaka 1976 Shere Hite alichapisha majibu ya wanawake wapatao 3,000, wengi wakisema wazi kwamba kinachowafikisha ni kuguswa kinembe. Mwisho, mwaka 1998, Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa Melbourne, alionyesha kwamba vitabu vya udaktari vilikuwa vimekichora kinembe vibaya. Kile kinachoonekana nje ni ncha tu. Mwili wake wenye matawi umelala ndani, pande mbili za mlango wa uke. Mtu alikuwa ametembea mwezini miaka 29 kabla ya mchoro huo.

Ugunduzi wa O'Connell una maana kubwa kwa majirani zetu wa mlimani, kwa sababu mwanamke aliyekatwa bado ana sehemu kubwa ya kinembe ndani. Daktari Mfaransa Pierre Foldès alibuni upasuaji wa kuliondoa kovu na kuivuta mbele sehemu iliyobaki. Mwaka 2012 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wanawake 2,938 waliopasuliwa. Waliorudi kuchunguzwa baada ya mwaka mmoja walikuwa 866, na kati ya 834 waliojibu juu ya raha, 815 walisema imeongezeka au haikupungua. Ni habari njema yenye pengo, kwa kuwa wengi hawakurudi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilisema ushahidi wa upasuaji huo bado hautoshi, likapendekeza ushauri nasaha wa mambo ya ndoa kwa wanawake waliokeketwa. Mwaka 2017 upasuaji wa namna hii ulifanyika Nairobi pia.

Na tiba kwa mwanamke ambaye hakukatwa? Hapa historia inatoa jibu la kawaida mno hata likaudhi wauzaji wa unga. Hadi leo hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahsusi kwa tatizo hili. Tiba huanza kwa maswali. Tangu lini? Kila mara, au na mtu huyu tu? Kuna maumivu? Unatumia dawa gani? Dawa nyingi za sonona huchelewesha au kuzuia kabisa mshindo, na daktari anaweza kuzibadilisha. Kisukari, maradhi ya uti wa mgongo, mabadiliko ya kukoma hedhi, jeraha la kuzaa, kumbukumbu ya kubakwa, hofu ya mimba, ugomvi wa nyumbani: kila moja lina njia yake. Kwa yule asiyewahi kufika, njia yenye ushahidi mzuri, iliyoelezwa na wanasaikolojia wa Marekani tangu mwaka 1972, ni kumfundisha mwanamke aujue mwili wake mwenyewe, kwa kuutazama na kuugusa peke yake hatua kwa hatua, kisha amfundishe mwenzake. Masters na Johnson nao, mwaka 1970, waliwapa wanandoa zoezi la kupapasana kwa zamu huku wakikatazwa kuingiliana kwa muda, ili hofu ya kufeli iondoke. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka ngweko. Wazee wa Kikuyu wangesema hawakuona jipya.

Nirudi kwa dada. Baada ya kikao cha wazee alikwenda katika kliniki moja, ambayo sitaitaja, akaambiwa kwamba hayo ni mawazo, aongeze mtoto wa pili. Nilipokuja likizo na daftari langu la "baridi", nilimsomea maswali yale. La kwanza lilitosha. Tangu lini?

Alinyamaza. Kisha akasema, "Tangu nizae."

Alipojifungua alichanika akashonwa, na mshono ulipona vibaya. Kila mume alipomkaribia, mwili ulijikaza kabla yeye mwenyewe hajajua. Kabla ya hapo hakuwa na shida yoyote. Kwa miaka miwili aliitwa baridi kwa sababu ya maumivu, na maumivu hayo aliyanyamazia kwa sababu alifundwa kuvumilia. Nilimsindikiza kwa mkunga mmoja mzee, akamchunguza, akampeleka kwa daktari kwa ajili ya kovu, na akamfundisha mazoezi ya kuilegeza misuli ya nyonga. Mkunga alitaka kumwona mume pia. Nilidhani hatakuja. Alikuja, akakaa kwenye benchi na kofia magotini, akasikiliza. Njiani kurudi alituambia kwamba naye hakuwahi kuuliza, kwa kuwa hakujua kwamba kuna cha kuulizwa.

Sisemi kwamba mambo yote yamekwisha. Dada amerudi kwake, na hali inaendelea vizuri polepole. Unga wa mizizi ameumwaga.

Kwa kumalizia, historia hii imenifundisha kwamba wataalamu wa Ulaya na wazee wa Afrika walikosea kosa moja. Wote walikuwa na majibu mengi juu ya mwanamke kabla ya kumsikia. Na popote pale tiba ilipoanza kufaa, iwe Ankole, Marekani au kwenye benchi la mkunga wetu, ilianza baada ya mtu kuuliza na kungoja jibu.

Nilipomaliza kuandika rasimu ya insha hii nilimtafsiria Senge, tukichambua maharage nje ya jiko. Habari za Bryk zilimchekesha. Za Marie Bonaparte hazikumchekesha. Aliuliza kama yule binti alipona, nikamwambia hapana. Akauliza kama hakuwa na mama wa kumwambia kitu. Nikamwambia mama yake alifariki mwezi mmoja baada ya kumzaa.

"Na senge je?"

Nikasema sijui. Alichambua kimya muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba binamu yetu mdogo anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na kwamba usiku wa kumfunda nisijifanye nimelala. Nikae karibu yake, nije na lile daftari.